Nilipoacha Kuiogopa Bunduki Yangu

Bunduki haikulia. Ilitoa mlio mdogo tu, ta, kama mtu aliyegonga meza kwa ukucha. Lakini mtutu ulizama chini ukaenda kulia kana kwamba umevutwa kwa kamba, na mimi nilikuwa nimeshafumba macho, meno nimeyakaza, bega limekwenda mbele kulipokea teke ambalo halikuja. Nyuma yangu swahiba wangu Mkongo alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi.

“Mukubwa,” akasema alipopata pumzi, “unaogopa bunduki yako.”

Tulikuwa kwenye nyika ya Pawnee, kaskazini-mashariki ya mji wa Greeley, jimbo la Colorado, Jumapili moja ya upepo. Kwa nusu saa nzima yeye ndiye aliyekuwa ananipakilia, mimi nimegeuza uso. Mara anatia risasi ya kweli, mara anatia risasi bandia isiyo na baruti, nami sijui ipi ni ipi. Risasi ya kweli inaficha aibu: kishindo kinalia, vumbi linatimka, karatasi imetobolewa kombo, unasingizia upepo, unasingizia darubini. Risasi bandia haina cha kusingizia. Kati ya bandia tano alizonitilia, mtutu wangu ulitulia mara moja tu, na nadhani hiyo moja nilikuwa nimeikisia.

Bunduki yenyewe ilikuwa .300 Winchester Magnum (namba ni upana wa mtutu kwa inchi, na Magnum ni risasi yenye baruti nyingi kuliko kawaida), nyepesi, ya kubebea milimani. Nilikuwa nayo kwa mwaka na zaidi. Na nilikuwa nimeshamtesa mnyama kwa sababu yake. Au niseme kweli, kwa sababu yangu. Ndipo nikaanza kuuliza swali nililopaswa kuliuliza mapema: kwa mnyama mkubwa, risasi gani inatosha?

Nimekulia Sikonge, mkoa wa Tabora, kwenye miombo. Babu alikuwa na gobore lenye kibali, lile la kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Sisi watoto tulilihusudu kwa mngurumo na moshi wake. Tuliamini kwamba bunduki inavyonguruma zaidi ndivyo mnyama anavyokufa zaidi. Hatukuwa tunaangalia jambo la pili, kwamba babu alikuwa anaondoka alfajiri na kurudi jioni kwa ajili ya kufyatua mara moja tu, kwa sababu gobore lake halikuwa na maana yoyote zaidi ya hatua thelathini. Alinyatia. Siku nyingi alirudi mikono mitupu na hakuona haya. Hilo nililikumbuka baadaye sana, nikiwa na mtutu wa Kimarekani mkononi na kovu juu ya nyusi.

Greeley nilikuja kufanya kazi ya kisu kwenye kiwanda cha nyama. Kila Oktoba wenzangu wenyeji walikuwa wanapungua zamu moja moja. Ukiuliza, unaambiwa fulani kaenda elki. Elki, ambaye wengine humwita wapiti, ni jamii ya kulungu wakubwa wa Milima ya Rocky. Dume hufika kilo 300 na zaidi, jike kilo 220 hivi. Mtu wa Tabora amfikirie tandala mkubwa aliyenona, akavaa koti la manyoya shingoni. Colorado ndiyo jimbo lenye elki wengi kuliko yote Marekani, zaidi ya robo milioni. Nikaona haiwezekani niishi katikati ya nyama yote hiyo nikanunue kuku dukani. Nilikuwa na ukaazi wa kudumu, sheria ikaniruhusu kumiliki bunduki, nikasoma kozi ya usalama wa uwindaji, ambayo Colorado humtaka nayo kila aliyezaliwa kuanzia 1949, nikaenda kununua.

Muuzaji aliniuliza nawinda nini. Nikasema elki. Hakuniuliza nimewahi kufyatua nini, wala naona mbali kiasi gani, wala bega langu likoje. Aliinua mkono, akashusha .300. “Elki ni mnyama mgumu,” alisema. Nami sikutaka kuonekana mgeni, nikalipa.

Kiswahili kina mzaha wake hapa. Kaliba ni upana wa mtutu, na kaliba ni hadhi ya mtu. Dukani siku ile nilinunua moja nikidhani nimenunua zote mbili.

Siku ya kwanza ya kulenga shabaha, risasi ya tatu, darubini ilirudi ikanichana juu ya jicho. Wawindaji wa huku wana alama hiyo wengi, mkato uliopinda kama mwezi mwandamo, na huichekea. Mimi sikucheka. Kuanzia hapo mwili wangu ulijifunza jambo ambalo akili ilikataa kulikubali: kwamba kila nikikunja kidole, kuna kitu kinakuja kunipiga usoni. Unaweza kuudanganya ubongo, lakini kope na bega hazidanganyiki.

Oktoba ile, karibu na mji mdogo wa Walden, nilimwona jike amesimama ubavu kwenye ukingo wa misonobari. Mita 180 hivi. Kwa .300 hiyo ni mlango wa nyumba. Nilifyatua, sikuona chochote kwa sababu darubini iliruka angani pamoja na mtutu, na niliporudisha jicho, hayupo. Tulikwenda pale. Manyoya machache, damu nyeusi-nyeusi kidogo, na ndani yake majani yaliyotafunwa. Mtu wa kiwanda cha nyama hahitaji kuambiwa harufu ile ni ya wapi. Nilikuwa nimempiga tumboni, shibri mbili nyuma ya pale nilipodhani nimelenga.

Tukafanya kosa la pili: tukamfuata papo hapo. Mnyama aliyepigwa tumbo huachwa saa kadhaa alale. Ukimkimbiza, hofu inampa miguu. Tulimwinua mara mbili bila kumwona, tunasikia tu matawi. Giza likaingia. Usiku ule sikulala kwenye hema, na si kwa baridi. Asubuhi kunguru ndio waliotuonyesha alipo. Mapaja ya juu tuliyaokoa, yaliyobaki yalikuwa yameharibika. Nilimchuna bila kusema neno. Kichwa cha risasi cha greni 180, karibu gramu 12, kilichotoka mtutuni kwa mita 900 kwa sekunde, kilikuwa kimepita tumbo lote kikatokea upande wa pili. Nguvu yote ya Magnum, na mnyama aliishi mpaka usiku.

Ndiyo maana swahiba wangu alinipeleka Pawnee na mfuko wa risasi bandia. Yeye ni mtu wa Bukavu, alikuja kwa njia ndefu kupitia kambi ya wakimbizi, na ameona bunduki zikitumiwa kwa mambo ambayo hasimulii. Anaziheshimu bila kuzihusudu. Bunduki yake ya kuwindia ni ya kizamani, .308, kitako kimefungwa utepe, na kila mwaka anarudi na nyama.

Nilichojifunza kwanza, nilipoanza kuuliza kwa adabu badala ya kujifanya najua, ni hiki: risasi haimwangushi elki kwa kumsukuma. Ingekuwa na uwezo wa kumsukuma yeye, ingekuangusha wewe uliyeshika kitako, maana teke la nyuma na msukumo wa mbele ni ndugu. Elki anakufa kwa kutobolewa mapafu yote mawili, au moyo, au mishipa mikubwa iliyo juu ya moyo. Damu inakwisha kichwani, anaanguka. Basi. Kiwandani nilikuwa nashika mapafu ya ng'ombe kila siku, najua yanavyokaa: nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja kutoka chini kwenda juu, na kwa mnyama wa ukubwa ule ni eneo pana kuliko sinia la pilau. Ulitoboe sinia hilo kwa tundu la milimita 7 au la milimita 8.6, mnyama hataulizia tofauti. Ulikose, hata mzinga ni bure.

Kwa hiyo swali la “risasi gani inatosha” lina majibu mawili. Moja ni la sheria. Colorado inataka mtutu usiopungua .24, yaani milimita 6. Kichwa cha risasi kinachotanuka kikigonga, kisichopungua greni 85 kwa elki (gramu moja ni greni 15 na kitu, hivyo hiyo ni gramu tano na nusu). Na nguvu ya futi-pauni 1,000 (kipimo chao cha nguvu ya risasi) ikifika yadi 100, kama mita 90. Hicho ndicho kizingiti. Hata .243 Winchester, risasi ya 1955 ambayo watoto wengi wa huku huanzia kumwindia kulungu mdogo, inakivuka.

Jibu la pili ni la kwako wewe na bega lako, na huko ndiko nilikopoteza miezi miwili ya baridi.

.243 niliiacha. Najua wanaomuua elki nayo kila mwaka, na wengine wao ni mabinti wa miaka kumi na miwili wanaolenga kuliko mimi. Lakini kichwa chake ni chepesi. Ukigonga mfupa wa bega kwa bahati mbaya, huna akiba. Kwa mtu ambaye tayari ana mnyama mmoja kwenye dhamiri, akiba ni muhimu. 6.5 Creedmoor nilikaribia kuichukua. Ilitoka 2007 kwa ajili ya wapiga shabaha, teke lake ni dogo, kichwa chake ni kirefu na chembamba, kinapenya kama msumari. Walionizunguka walikuwa wamegawanyika juu yake kama Simba na Yanga, na nikagundua ninaipenda au kuichukia kutegemea nimeongea na nani mwisho. .308, ya 1952, ndiyo ya swahiba wangu; .270 ya 1925 na .30-06 ya 1906 zimejaza majokofu ya huku kwa karne nzima, na mtu anayezimudu hana sababu ya kunisikiliza.

Nikaishia kwenye 7mm-08 Remington, ya 1980. Ni ganda la .308, kile kikopo cha kutilia baruti, lililobanwa shingo lipokee kichwa cha milimita 7. Cha greni 140, gramu 9, kinatoka kwa kasi ya mita 850 hivi kwa sekunde. Ganda lake linachukua baruti chini ya gramu tatu; .300 inachoma zaidi ya gramu nne na nusu, na tofauti hiyo ya baruti nayo inakusukuma begani. Bunduki zikiwa na uzito sawa, .300 inarudi kwa nguvu karibu mara mbili. Na mimi safari hii sikununua bunduki nyepesi. Nilichagua nzito kidogo, kilo nne na darubini yake, kwa sababu uzito nao unameza teke. Wapo waliopenda kunitilia kifaa cha kufungwa mdomoni mwa mtutu wa .300 kipunguze teke. Kinapunguza kweli, lakini kinazidisha kelele mpaka aliye jirani yako anakuchukia, na mwindaji porini mara nyingi hana muda wa kuziba masikio.

Kulikuwa na jambo jingine lililonipendeza kuhusu milimita 7, na ni la kwetu. Ndugu yake mkubwa ni 7x57 Mauser ya 1892, ambayo Waingereza waliipa jina la .275 Rigby. Hiyo ndiyo aliyoitegemea sana Mskoti W.D.M. Bell, aliyeitwa Karamojo Bell kwa sababu ya Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, alipowinda ndovu mwanzoni mwa karne iliyopita. Aliua zaidi ya ndovu 1,000, wengi wao kwa risasi ndogo kama hizo, wakati wenzake walikuwa wanavunjika mabega kwa mitutu minene kama mwichi. Simsifu. Pembe zile zilikwenda kuwa mipira ya biliadi na vinanda vya watu ambao hawakuijua hata Karamoja iko wapi. Wala mtu asiige: leo Tanzania inataka .375 kwenda juu kwa wanyama wa hatari, na ni haki. Lakini Bell alikuwa amelichunguza fuvu la ndovu, anajua ubongo ulipo kutoka kila pembe, na alitumia vichwa vigumu visivyotanuka ili vipenye. Alikuwa anajua njia ya risasi ndani ya mnyama kabla hajakunja kidole. Mimi nilikuwa na bunduki karibu mara mbili ya yake kwa nguvu na sikujua jicho langu lilikuwa limefungwa.

Kuna na kisa cha kinyume. 1946, huko British Columbia, Mmarekani John Nosler alimpiga musi, yule jamaa mkubwa zaidi wa elki mwenye pua ndefu, kwa .300 H&H Magnum, risasi yenye nguvu kweli kweli. Mnyama alikuwa amegandamana matope, vichwa vya risasi vikapasuka juu juu bila kuingia ndani. Nosler akarudi nyumbani akabuni kichwa chenye ukuta katikati, cha mbele kitanuke na cha nyuma kibaki kizima kiendelee kupenya. Akaanza kukiuza 1948, na kinauzwa mpaka leo. Ukichagua risasi isiyoumiza bega, kwenye kichwa chake ndiko fedha yako iende. Mimi natumia vichwa vya shaba tupu. Havivunjiki vipande, vinapenya hadi upande wa pili, na nyama haibaki na vumbi la madini ya risasi la kuwalisha wanangu. Vina sharti lao: vinahitaji kasi ili vitanuke. Mimi nimejiwekea kwamba kisifike kwa mnyama chini ya mita 600 kwa sekunde. Kwa mtutu wangu ningeweza kufika mbali kidogo kuliko mita 250, lakini hapo ndipo nilipochora mstari, kwa sababu zaidi ya hapo ni mikono yangu inayoanza kusema uongo.

Kosa jingine dogo, lakini liliniuma mfukoni: nilifanya mazoezi msimu mzima kwa risasi za bei rahisi, nikarekebisha darubini kwazo, na wiki moja kabla ya kwenda porini nikajaribu zile za shaba. Zilipiga vidole vinne chini na viwili kushoto. Bunduki ileile, mtu yuleyule. Ningekwenda hivyo hivyo, ningerudi nyumbani nikilaumu kaliba.

Kuitibu hofu kulichukua muda kuliko kubadili bunduki. Nilinunua na .22 ndogo, risasi zake ni za senti, nikafyatua mamia kwa mamia nikiwa nimekaa, nimepiga goti, nimesimama. Nyumbani, bunduki tupu iliyokaguliwa mara mbili na risasi zote ziko chumba kingine, nilikunja kidole jioni kwa jioni nikitazama kama alama ya msalaba ndani ya darubini inatikisika. Na nilitengeneza fimbo tatu zilizofungwa juu kwa mpira, za kuegemezea mtutu, kama zile ambazo wabeba bunduki wa kwetu hutembea nazo mbele ya wageni kule Selous. Wenzangu wa Greeley walinicheka, wao hulala kifudifudi. Porini kwenye majani ya kufika kiunoni, hakuna aliyelala kifudifudi akamwona elki.

Mke wangu aliingia hapo. Ni mtu wa Tanga, hakuwa na hamu ya bunduki. Alikuja Pawnee kwa sababu tulimwahidi mishikaki. Akaomba aijaribu ile 7mm-08 mara moja. Mara moja ikawa kumi. Hakuwahi kupigwa na .300, kwa hiyo hakuwa na deni la woga la kulipa. Matundu yake yalikaa kwenye eneo la kisahani cha chai. Swahiba wangu alivitazama vile visahani, akanitazama mimi. “Shemeji aende,” akasema. “Weye ubaki na watoto.”

Oktoba iliyofuata tulikwenda sisi wawili wanaume, kwa kuwa vibali vya jike hutolewa kwa bahati nasibu na mke wangu alikuwa hajaomba. Unatoka Greeley, Fort Collins, unaufuata mto Poudre ndani ya bonde lake mpaka Cameron Pass, zaidi ya mita 3,100 juu ya bahari, halafu unashukia North Park, tambarare iliyozungukwa na milima yenye theluji. Hewa nyembamba. Fulana za rangi ya chungwa inayowaka, kofia ya rangi hiyo hiyo. Huko musi nao ni wengi, na kila mwaka kuna mtu anayempiga musi akidhani ni elki. Wewe tazama pua na rangi, usitazame ukubwa.

Jioni ya pili tuliwaona. Kundi zima, labda arobaini, wametoka kwenye msitu wa aspeni wanakula uwandani. Kipimo cha masafa kilisoma mita 430. Jua limebakiza vidole viwili. Katikati yetu na wao hakuna hata kichaka. Nilikaa nyuma ya zile fimbo nikamtazama jike mmoja aliyesimama ubavu, ametulia kama picha, na nilijua kwamba na ile .300 ningejaribu. Ningejiambia Magnum inafika. Ingefika, naam, mahali fulani kwenye mwili wake. Nilitia kifungio cha usalama, nikasimama. Swahiba wangu hakusema kitu, na kutembea kurudi kambini gizani kulikuwa kurefu. Nisifiche: nilijuta. Usiku maji yaliganda ndani ya chupa na mimi nilikuwa bado najuta.

Siku ya nne asubuhi, saa moja na nusu, wawili walitoka bondeni wakija upande wetu, upepo ukitupiga usoni. Nilikuwa na fimbo tayari. Mbele jike mkubwa, nyuma ndama wa mwaka ule. Nilimtaka ndama kwa nyama, lakini alikuwa kajificha nyuma ya mama, na risasi yangu inapita. Nikasubiri mpaka wakaachana. Ndama akakimbilia kichakani, jike akabaki, akageuka ubavu. Mita 140. Ndama wa Oktoba anakula majani na ana kundi, lakini bado nilisita kidogo. Kisha nikasema bismillahi, nikakunja kidole.

Niliona. Hilo ndilo jambo ambalo sikuwa nimelitarajia. Darubini haikuruka angani. Ilicheza kidogo ikarudi, na ndani yake nilimwona yule jike akikunja mgongo na manyoya yakitikisika nyuma ya mguu, pale pale. Halafu hakufanya kitu. Alitembea hatua tatu akasimama, anatazama, kama mtu aliyesahau alilokuwa anataka kusema.

“Ongeza!” swahiba wangu alinong'ona kwa ukali.

Niliongeza. Risasi ya pili ilikwenda nyuma na juu zaidi, maana alikuwa anageuka, na sikuwa mtulivu tena. Akaenda kama mita arobaini, miguu ya nyuma ikalegea, akakaa, akalala. Tulihesabu polepole mpaka mia tano kabla ya kusogea, tumejifunza.

Tulipomfungua, risasi ya kwanza ilikuwa imepita mapafu yote mawili na kutoka upande wa pili kwenye mbavu kwa tundu la ukubwa wa kidole gumba. Ile ya pili ilikuwa imeharibu mshipi wa nyama ya mgongo, kilo nzima ya steki imekuwa damu. Swahiba alinionyesha bila kusema, na bado nasema ilikuwa halali kuiongeza. Elki aliyesimama unampiga tena mpaka alale, iwe una bunduki ndogo au kubwa, na wanaojisifu kwa risasi moja hawakuwapo kumtafuta yule wangu wa mwaka wa nyuma. Ila wakati wa kula, mke wangu ndiye aliyekumbuka ile kilo.

Kazi ya kisu iliniangukia mimi, kwa fani. Mapaja manne, mgongo, shingo, mbavu, ini nikaliweka kwenye mfuko peke yake. Sheria inataka ushahidi wa jinsia ubaki umeshikamana na nyama, na wageni wengi husahau. Paja moja la nyuma la jike lina uzito wa mtoto wa darasa la tatu, na tulikuwa kilomita tatu kutoka kwenye gari. Tulikwenda na kurudi mara tatu. Bega langu la kulia lilivimba siku ile, kwa kamba za mkoba.

.300 niliiuza kwa jamaa mmoja mrefu, mkulima wa huko huko Weld, wilaya ya Greeley, anayeifyatua kama mtu anayepiga chafya. Kwake si bunduki kubwa. Nilimweleza kwa nini naiuza, akatikisa kichwa kwa heshima, labda kwa huruma.

7mm-08 nayo sina tena, kwa maana ya kusema ni yangu. Kitako kimekatwa kidogo kifae mkono mfupi, na kwenye sanduku lake pana kitenge kilichokunjwa cha kufutia darubini. Matokeo ya bahati nasibu yalitoka mwishoni mwa Mei. Mke wangu kapata kibali cha jike North Park, msimu wa kwanza, mimi nimekosa. Swahiba wangu ameshaniambia kazi yangu: nitabeba zile fimbo tatu, na chupa ya chai ya tangawizi.